Duka la Mangi wa mkoroshoni, Pugu: rivyu ya mteja wa miaka sita

Watu wananiuliza sana, hivi huko Pugu kukoje, unaishije huko porini, na kila mtu anataka kujua habari za viwanja, maji, barabara, foleni. Mi nikiulizwa naanzia dukani. Nyumba yangu ni vyumba vitatu na bati, ya jirani hivyo hivyo, wala hazina cha kusimulia, lakini huu mtaa umekuwa mtaa kwa sababu ya lile duka la Mangi pale chini ya mkorosho, na kama watu wanaandika rivyu za hoteli na saluni za Masaki basi na hili linastahili ya kwake. Jina lake silitaji maana sijamuomba ruhusa, na hata mtaani wengi hawalijui, yeye ni Mangi basi, kama Mangi wote wa Dar wenye duka, awe katoka Rombo au awe katoka Singida. Huyu wetu ni wa Rombo kweli.

Sisi tulihamia 2019, mwezi wa sita, naukumbuka vizuri kwa sababu ndo mwezi ule ule mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima kuanzia tarehe 1. Tulikuwa tumepanga Sinza, chumba na sebule, mwenye nyumba kodi yake ya miezi sita anaitaka yote mkononi, tukaona bora tukakae kwenye pagale letu hivyo hivyo, madirisha tumeziba na mabati, umeme bado, mke wangu ana mimba ya miezi saba. Jioni ya siku ya kwanza nikatoka kutafuta mshumaa na sukari. Nikakuta fremu ya tofali haijapigwa plasta, mbele wavu wa nondo, benchi la mbao, wazee watatu wamekaa. Nikasema shikamooni wazee. Wakaitikia marahaba, halafu mmoja akaniuliza, "We ndo wa lile pagale la kona? Mkeo mjamzito yule msimpitishe njia ya korongoni, pana utelezi." Yani mzigo tumeshusha saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni mtaa umeshajua mimi ni nani na umeshaanza kumhurumia mke wangu.

Mangi akanipimia nusu kilo ya sukari na kwa kuwa rambo hazipo tena akachukua gazeti, akalikunja likawa kama pembe, akamimina, akafunga juu kwa mikunjo miwili, hata punje haikumwagika. Nilikuwa sijaona mtu anafunga hivyo tangu niko mdogo kwa bibi. Nikatoa noti ya elfu kumi, chenji hana. Akasema nenda nayo tu kaka, utaleta kesho. Mtu hanijui jina.

Kwa asiyepafahamu, Pugu ni huko mwisho, unashika barabara ya Nyerere unapita uwanja wa ndege, unapita Gongo la Mboto, unakuja Kajiungeni, ukipandisha tu umeshaingia Kisarawe, mkoa wa Pwani. Kwenye karatasi sisi ni Dar es Salaam kabisa, wilaya ya Ilala, ile ile ya Kariakoo na Posta. Lakini wenyeji ni Wazaramo na mashamba yao ndo haya tuliyouziwa viwanja, kwa hiyo katikati ya nyumba kuna mikorosho, minazi, makaburi ya mababu zao yamezungushiwa tofali, na usiku ukitulia unasikia komba wanalia huko msituni maana hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi haiko mbali. Wazee wa benchini hawachoki kukukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha hapa Pugu, mpaka alipoacha ualimu 1955 kwa ajili ya siasa, mmoja anadai baba yake alikuwa anakutana naye njiani na kusalimiana. Mi sibishi, na sioni sababu ya kubisha.

Sasa duka lenyewe. Linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku, anayechelewa anagonga. Vitu ni vile vya duka lolote la mtaani, unga, mchele, maharage, sukari, chumvi, majani, sabuni za miche zinazokatwa vipande, vocha, daftari za shule, viberiti, mafuta ya kula ya kupima, mkaa nje kwenye makopo, mtungi wa gesi mdogo. Ukubwa wa duka hauzidi chumba changu cha kulala. Uzuri wake ni vipimo. Hapa unanunua robo ya sukari, nusu robo ya dagaa, mafuta ya mia tano kwenye kikopo alichokikata mwenyewe, nyanya ya kopo kijiko kimoja, na hakuna anayekuangalia vibaya. Niwe mkweli, ukipiga hesabu vya kupima vinakula hela, ukijumlisha vile vikopo vya mafuta mpaka ifike lita unakuta umelipa zaidi ya mwenye kununua lita nzima. Lakini mama anayeuza maandazi akiwa na mia tano mkononi saa moja jioni, hiyo hesabu ya lita haimhusu, anachotaka watoto wale sasa hivi. Mi nimewahi kuwa huyo mama, nitasema mbele.

Huduma za simu anazo zote, kutoa, kuweka, luku. Na hapo kwenye luku nataka muone kitu. Kuna bibi mmoja mtaani macho hayaoni vizuri, mita yake iko ukutani juu. Akinunua umeme Mangi anamwandikia zile namba ishirini kwenye kipande cha boksi, nne nne, kwa maka pen, tarakimu kubwa kama za kalenda, halafu anamtuma mtoto yeyote aliyepo dukani aende naye akamwingizie. Mtoto akirudi anapewa pipi. Hakuna kampuni inayomlipa kwa hiyo kazi. Mwaka 2021 zile tozo za miamala zilipokuja mwezi wa saba na watu wakaanza kukwepa kutumiana, yeye ndo akawa benki, mtu wa nyumba ya juu anaacha elfu ishirini kwa Mangi ampe fundi wa nyumba ya chini, inaandikwa, fundi anasaini, imeisha.

Inaandikwa wapi? Kwenye daftari. Hili daftari ningeweza kuliandikia rivyu peke yake. Ni kaunta buku gumu la kwaya nne, gamba limefungwa na selotepu, peni imening'inizwa kwa uzi wa kiroba. Kila nyumba ina ukurasa, na majina ni ya mtaa, siyo ya kitambulisho: Mama Mapacha, Mwalimu, Fundi Bomba, Bibi wa Mita, Bati Jekundu. Sisi kwa miaka miwili ya mwanzo tulikuwa "Pagale", mpaka tulipopiga plasta ndo siku moja nikaona amefuta ameandika jina la mwanangu wa kwanza na Baba mbele yake. Nilifurahi nikaenda kumwambia mke wangu kama nimepandishwa cheo kazini.

Mwaka 2020 nilikuwa nafanya kazi hoteli moja mjini, corona ikaingia, wageni hakuna, mwezi wa nne tukaambiwa tukae nyumbani bila mshahara. Nikakaa miezi mitano. Ukurasa wetu ukajaa, ukafungua wa pili, deni likafika 86,400. Hiyo namba naijua kama namba yangu ya simu. Mangi hakuwahi kuninyima unga. Alikuwa ananipa kwa kiasi, hilo alifanya, nikiomba kilo mbili ananipa moja na nusu, ananiambia Baba nanihii twende taratibu na mimi nina watu wananidai mjini. Nilimheshimu sana kwa hilo, alinikatalia bila kunivunja. Kilichoniumiza ni siku jirani mmoja aliyekuwa anasubiri huduma alisoma ukurasa wetu kwa sauti, mbele ya watu, eti jamani hawa wamefika elfu themanini. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Jioni Mangi akaja mwenyewe nyumbani, duka kamwachia dogo, kaleta vile vitu nilivyoviacha, akasema kosa ni lake aliacha daftari wazi. Kuanzia siku ile daftari linakaa chini ya kaunta na akiandika anaweka kipande cha kadibodi juu ya kurasa za wengine, mpaka leo. Deni lilikwisha mwezi wa tatu mwaka uliofuata, nililipa elfu tano tano, kila nikilipa anapiga mstari mbele yangu.

Basi nikisikia mtu anasema maduka ya mtaani yamepitwa na wakati nasikia uchungu kwa kweli.

Usiku mke wangu aliposhikwa na uchungu, mwezi wa nane 2019, sikuwa na namba ya dereva hata mmoja, mgeni bado. Saa tisa usiku nikaenda kugonga wavu. Mangi analala humo humo nyuma ya magunia. Hakuuliza nani, alisema nakuja. Akampigia mwenye bajaji, akatoka na tochi akatangulia mbele yetu kwenye lile korongo, mkono mmoja tochi mkono mwingine amemshika mke wangu kiwiko. Dereva akakataa kuchukua hela usiku ule, akasema utamwachia Mangi. Mtoto mwenyewe sasa yuko darasa la kwanza na anatumwa pale peke yake. Anaondoka na hela amezikunja kwenye ngumi, akifika kasahau alichotumwa, Mangi anamwangalia anamwambia jana mlichukua chumvi na majani, leo itakuwa sabuni, halafu ananipigia kuhakikisha. Mara nyingi anakuwa amepatia.

Na mama yangu. Mama anakaa Morogoro, zamani kuja kwangu ilikuwa basi mpaka stendi halafu daladala mbili, alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka na malalamiko. Tangu treni ya SGR ianze mwezi wa sita 2024, ile ya kawaida inasimama Pugu, basi anashuka huku huku. Mara ya kwanza simu yake iliisha chaji na nyumba haijui. Akamwambia bodaboda nipeleke kwa Mangi wa mkoroshoni. Nilipotoka kazini nikamkuta amekaa benchini na chai, ameshajua nani kaolewa, nani kafiwa, na ameshapewa mche wa mchicha.

Haya, kasoro. Zipo na nitazisema maana rivyu ya sifa tupu haimsaidii mtu.

Mkate. Kwa muda mrefu mafuta ya taa yalikuwa yanakaa kwenye dumu chini ya rafu ya mikate, na mkate unavuta harufu jamani. Unapaka siagi unasikia koroboi. Nilimwambia mara ya kwanza akasema sawa, mara ya pili sawa, mara ya tatu nikamletea kipande aonje mwenyewe. Akaonja, akanyamaza, kesho yake dumu liko nje kwenye kibanda cha mkaa. Lakini mikate ya juzi bado anaichanganya na ya leo, kwa hiyo ukinunua bonyeza kwanza. Friji yake umeme ukikatika ndo basi, maziwa usichukue kama umeme ulilala umekatika. Chenji ni tatizo sugu, mia mia inageuka pipi au kiberiti, mi nyumbani nina viberiti vya kuanzisha duka langu.

Benchi nalo. Wazee hawana shida, shida ni vijana wa jioni. Mke wangu kuna kipindi alikuwa hataki kwenda baada ya saa moja kwa sababu ya maneno wanayowarushia wanawake wakipita, na haikuwa yeye peke yake, wasichana wa shule walikuwa wanazunguka njia ya mbali. Hili siyo dogo. Mtaa wa kujuana ni mzuri mpaka pale kujuana kunapogeuka kila mtu kujipa haki ya kukusema. Mama Mapacha ndo aliyelivalia njuga, alimwambia Mangi wazi kwamba sisi wanawake ndo tunaonunua hapa, hao hawanunui hata kiberiti. Akawaita vijana akawaambia benchi ni la mteja. Pametulia, siwezi kusema pameisha kabisa, lakini mke wangu siku hizi anaenda hata saa mbili.

Kasoro kubwa kuliko zote ni Desemba. Kama tarehe 18 au 20 Mangi anafunga anapanda Rombo kwao na familia, anarudi baada ya mwaka mpya. Wiki mbili mtaa mzima unakuwa kama umefiwa. Chumvi ya mia mbili unaifuata Kajiungeni kwa bodaboda ya elfu moja. Bibi wa Mita anakaa giza mpaka mtu akumbuke kwenda kumnunulia umeme. Kabla hajaondoka anapitia daftari, ukurasa kwa ukurasa, anakuita pembeni, anakuambia ulipofikia, na hapo lazima upunguze, maana naye anaenda kwao haendi mikono mitupu. Halafu Januari ada. Mi nimeshajifunza, mwezi wa kumi na moja naanza kupunguza. Nimemwomba sana amwache dogo afungue hata nusu siku, anasema na dogo naye ana mama. Sina jibu la hapo, Krismasi kwao ni kwao. Lakini kama rivyu lazima niseme, wiki mbili kwa mwaka huduma hakuna.

Bei ni za juu kidogo ukilinganisha na minimaketi iliyofunguliwa barabarani kwenye lami, tofauti ya mia, mia mbili kwenye vitu vingi. Ila nawakumbusha mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika baada ya zile mvua za El Nino na sehemu nyingine kilo ikapita elfu nne. Mangi alikuwa amebaki na gunia moja na kitu. Angeweza kuuza lote kwa siku moja kwa bei anayotaka, wenye vibanda vya chipsi na juisi walimfuata na hela taslimu. Alitoa robo robo kwa kila nyumba kwa kufuata daftari, hata nyumba zenye deni, na wenye watoto wadogo na wauza chai akawaongeza. Kuna waliomtukana. Mi nilikuwa nimesimama pale nikaona anavyopima, mkono unatetemeka kwa sababu watu ni wengi na wanapiga kelele, na bado anangoja mshale wa mizani utulie ndo anamimina.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Miaka hii miwili wamekuja watu wengi wapya, wamejenga vizuri, fensi ndefu, geti la rimoti, gari linaingia usiku linatoka alfajiri. Karibuni sana, ardhi ni ya mwenye kununua. Lakini Mangi ananiambia mauzo yanashuka, na siyo kwa sababu watu wamepungua, watu wameongezeka. Alisema, "Wenye hela wananunua mjini, kwangu wanakuja wakiishiwa." Nimekaa na hayo maneno wiki nzima. Kwa sababu duka haliwezi kuishi kwa mkopo na chenji tu, kinacholifanya liweze kumkopesha mwenye shida ni mwenye hela anayelipa hapo hapo. Mimi 2020 unga niliokula alilipia mtu mwingine wa mtaa huu aliyenunua kilo tano kwa taslimu bila kujua. Siku hizi nina kazi, mshahara ukitoka nachukua pale unga, mchele, sukari na sabuni ya mwezi mzima, ile tofauti ya mia mbili naijua na nailipa. We mgeni ukihamia, shuka kwenye gari siku moja, salimia benchi, mwambie Mangi unakaa wapi, nunua hata kilo mbili za sembe. Wiki hiyo hiyo utakuwa na namba ya bajaji, fundi bomba, mjumbe, na mtu wa kukuchungia mafundi ukiwa kazini.

Nyota nampa nne. Ya tano ameipoteza kwenye mkate na Desemba.

Ukitaka kufika, shuka Kajiungeni, mwambie bodaboda Mangi wa mkoroshoni, siyo Mangi wa msikitini, wa msikitini ni mwingine na yeye hakopeshi. Ukikuta wavu umefungwa mchana usiondoke, atakuwa amempelekea Bibi umeme, kaa benchini kidogo. Na kama una noti ndogo ndogo za mia tano na elfu njoo nazo.